Madume wawili wa kichuguu kimoja: uchambuzi wa kisa cha nguchiro wembamba karibu na Kasese

Kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi mwisho wa Septemba niliwafuatilia nguchiro wembamba wawili waliokuwa wakilala ndani ya kichuguu kimoja kilichohamwa na mchwa, pembezoni mwa shamba la mihogo la jirani yangu, kati ya Kasese na Kikorongo, magharibi mwa Uganda, pale ambapo mashamba ya watu yanapakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Kilichonipeleka pale kilikuwa ugomvi wa vifaranga. Jirani yangu alikuwa amepoteza vifaranga saba katika muda wa wiki tatu, na kwa kuwa nilifundisha biolojia miaka mingi na sasa ninaongoza wageni hifadhini, aliniita akanionyesha kichuguu kile kwa kidole. "Mwalimu, hao ni mume na mke," aliniambia, "na wakishazaa hapo sitabakiwa na kuku hata mmoja." Alikuwa ameshanunua sumu.

Nilimwomba anipe muda, naye kwa heshima tu akakubali. Sikumwomba kwa kuwaonea huruma nguchiro peke yao. Aprili 2018 simba 11, majike 3 na watoto 8, walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu, ndani ya hifadhi hiihii, na kila anayeishi huku anajua kwamba nyama iliyotiwa sumu haimchagui anayeila: tai atakufa, fisi atakufa, na mbwa wa mwenye shamba atakufa pia. Nilitaka kwanza nijue wanyama wale wawili ni nani kwa nani, na ndipo nilipogundua kwamba swali hilo ni gumu kuliko nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu.

Nguchiro mwembamba ni mnyama mla nyama mdogo sana, ambaye uzito wake kwa kawaida haufiki kilo moja, mwenye mwili mrefu, miguu mifupi na mkia ambao ncha yake ni nyeusi kama uliochovywa wino. Akikimbia kuvuka njia huuinua mkia huo na kuupinda juu, na ndivyo anavyotambulika hata kwa mtu aliyemwona kwa nukta moja. Anawinda mchana. Chakula chake ni wadudu, panya, mijusi, nyoka, ndege na mayai, na anapanda miti vizuri kuliko nguchiro wengine wengi. Vitabu karibu vyote nilivyofundishia vilimwita mnyama mpweke, nami nilirudia neno hilo mbele ya darasa mwaka hadi mwaka bila kuuliza upweke huo ulipimwa kwa kipimo gani.

Kipimo changu mwenyewe, lazima nikiri, kilikuwa nguchiro miraba wa rasi ya Mweya, hukuhuku hifadhini. Mtu akishawazoea hao, wanyama wengine wote wadogo humwonekea kuwa wapweke. Kundi la kawaida lina wakubwa kama 20, wanatoka pamoja asubuhi, wanapekua kinyesi cha tembo pamoja huku wakilialia kwa sauti ndogo bila kunyamaza, na wakikutana na kundi jirani hupigana kama majeshi. Majike wenye mimba mara nyingi huzaa usiku mmoja, na watoto wakianza kutembea kila mmoja humwandama mkubwa mmoja, ambaye si lazima awe mzazi wake, akalishwa naye. Wanyama hao wamechunguzwa Mweya mfululizo tangu 1995, na habari zao zimeenea. Basi nilipokaa chini ya mwembe na darubini yangu, mita 40 hivi kutoka kwenye kichuguu, nikawaona wale wawili wanatoka saa mbili na nusu asubuhi, wanaota jua dakika chache juu ya udongo mwekundu, kisha mmoja anashika njia ya mtoni na mwingine njia ya barabarani, niliandika kwenye daftari: "Wapweke. Wamekutana kwa bahati." Niliandika hivyo siku nne mfululizo, na bahati haiji siku nne mfululizo saa ileile.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuwatofautisha. Mmoja alikuwa na sikio la kulia lililochanika, nikamwita Pengo. Mwenzake alikosa ile ncha nyeusi ya mkia, imekatika kama kidole, nikamwita Kibutu. Hatua ya pili ilikuwa jinsia, na hapo dai la jirani kuhusu mume na mke lilianguka mapema. Kichuguu kilikuwa kirefu kuliko mtu, na mlango wao ulikuwa juu, karibu na kilele. Kila jioni walilazimika kukipanda mkia ukiwa umeinuliwa na mgongo ukinielekea, kwa hiyo kwa subira kidogo niliyaona makende ya wote wawili waziwazi. Walikuwa madume, wakubwa kwa umbo, wenye shingo nene. Jike alikuwepo, lakini alikuwa wa tatu: mdogo, mwekundu kidogo, analala peke yake kwenye gogo lenye uvungu upande wa pili wa shamba, na eneo lake lote lilikuwa ndani ya eneo ambalo madume hao walilizunguka.

Ili nisitegemee macho tu, nilimwaga jivu la jikoni lililochekechwa kwenye mlango wa kichuguu kila jioni kabla hawajarudi, na asubuhi nikasoma nyayo. Jivu ni mwalimu mzuri. Mguu wa Pengo wa mbele ulikuwa na ukucha mmoja uliopinda nje, ukiacha mkwaruzo ambao Kibutu hakuwa nao, hivyo niliweza kujua nani aliingia na nani alilala kwingine. Zaidi ya nusu ya usiku nilioufuatilia walikuwa ndani wote wawili.

Sasa, madume wawili wa mnyama anayeitwa mpweke wanalala pamoja. Maelezo rahisi yalikuwepo, na ilikuwa wajibu wangu kuyaondoa moja baada ya jingine kabla ya kufikia lile ambalo moyo wangu ulishaanza kulipenda.

Inawezekana kwamba mashimo yalikuwa haba. Mahali penye pango moja tu zuri, hata wanaochukiana watabanana humo. Lakini shamba lile na kichaka kilicholizunguka lilikuwa na vichuguu vingine vitatu vilivyohamwa, na mwezi Julai, baada ya siafu kuvamia kichuguu cha kwanza, wote wawili walihamia kimoja cha vile vingine jioni ileile, Kibutu akitangulia na Pengo akifuata baada ya muda mfupi. Palikuwa na nafasi ya kila mmoja kulala kwake.

Inawezekana pia kwamba chakula kingi kiliwavuta mahali pamoja, kama jalala linavyowavuta nguchiro, kanu na paka wa mitaani. Mkusanyiko wa namna hiyo hauna maana yoyote ya kijamii. Ni sawa na watu wanaosimama kwenye kituo kimoja cha basi. Hata hivyo, jalala halikuwepo karibu, na kinyume kabisa cha dhana hiyo, wanyama hawa walikuwa pamoja wakati wa kulala na mbalimbali wakati wa kula. Katika miezi yote minne sikuwaona hata mara moja wakiwinda bega kwa bega.

Maelezo ya tatu, joto, yalinisumbua zaidi, kwa sababu yana ushahidi mzito kutoka kwingine. Katika jangwa la Kalahari, upande wa kusini, mtafiti Beke Graw na wenzake waliwachunguza nguchiro wembamba kwa undani, wakachapisha matokeo yao mwaka 2019. Walikuta kwamba wanyama hao wamejipanga katika vikundi vya kieneo vyenye dume mmoja hadi watatu na majike hadi wanne. Kila mmoja anajitafutia chakula peke yake, lakini wa kikundi kimoja hulala pamoja hadi asilimia 33 ya usiku, hasa wakati wa baridi, na watafiti wakaona kwamba huenda wanatafuta joto. Kalahari wakati wa kipupwe maji huganda usiku. Kasese hayagandi. Mstari wa ikweta unapita karibu na Kikorongo, na usiku wetu wa Julai, ingawa mzee anajifunika shuka, si baridi ya kumtesa mnyama mwenye manyoya aliyejichimbia kwenye udongo uliopata jua kutwa. Isitoshe, walilala pamoja usiku wa joto na usiku wa mvua kwa namna ileile. Sikatai kwamba joto la mwenzako ni zuri. Ninachosema ni kwamba hapa halitoshi kuwa sababu.

Lililobaki ni kwamba walikuwa washirika. Hili si jambo geni kwa wanaomjua mnyama huyu. Mtafiti Jon Rood, ambaye kabla ya hapo alikuwa amewachunguza nguchiro miraba hukohuko Mweya, alikwenda Serengeti na akaona kwamba madume ya nguchiro mwembamba hushirikiana eneo moja bila kupigana, wakati mwingine wawili, wakati mwingine hadi wanne. Alichapisha habari hizo mwaka 1989. Nami nilikuwa nimefundisha miaka yote baada ya mwaka huo bila kuzijua, kwa sababu kitabu cha darasani kikishaandika "mpweke" hakifunguliwi tena.

Tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi, nilipata kuona ushirika huo kwa karibu. Penye kona ya shamba kuna jiwe la kijivu, pana kama sinia la kupepetea, ambalo madume wote wawili walipita karibu kila siku wakalisugulia sehemu ya nyuma, pale penye tezi za harufu, na mara nyingine mashavu. Asubuhi ile alifika mgeni: dume mwekundu sana, aliyenenepa, ambaye sikuwahi kumwona. Alilinusa jiwe muda mrefu, akazunguka, akainua mguu wa nyuma na kuliwekea harufu yake. Pengo alikuwa mtini, akiwinda mijusi kwenye gome la mgunga. Alishuka kichwa chini, manyoya ya mkia yamesimama hadi mkia ukawa kama brashi ya chupa, akaenda moja kwa moja kwa mgeni. Walikabiliana, wakalia sauti kali ya kukwaruza, wakashikana, na kwa hakika Pengo alikuwa anashindwa, maana mgeni alimwangusha mara mbili. Kisha Kibutu akatokea kwenye mihogo. Hakusita na hakunusa. Alimpiga mgeni ubavuni, na mgeni, aliyekuwa anashinda nukta ile, aligeuka akakimbia hadi ng'ambo ya barabara, wawili hao wakimfuata mmoja kulia na mwingine kushoto. Waliporudi walilisugua jiwe kwa zamu, mara tatu tatu, kisha wakanusana shingoni na kila mmoja akaenda zake. Nilitazama saa yangu: jambo lote lilichukua chini ya dakika sita. Kwa saa zote zilizobaki za siku ile mtu yeyote ambaye angepita angeona nguchiro mmoja hapa na mmoja kule, akaandika "wapweke" kama nilivyoandika mimi.

Kwa nini wagawane lindo na wasigawane mawindo? Jibu liko katika namna chakula kinavyopatikana. Panya na mjusi huwindwa kwa kunyatia, na mnyatiaji wa pili huharibu kazi ya wa kwanza. Windo lenyewe likikamatwa ni dogo, halimegeki. Nguchiro miraba wanaweza kwenda kundi zima kwa sababu wanakula zaidi wadudu waliotawanyika ardhini, ambapo mende wa jirani yako hakupunguzii wa kwako, na wakiwa mahali pa wazi mchana macho mengi huwaonyesha tai mapema. Nguchiro mwembamba hutegemea kichaka na kasi. Lakini majike ni habari nyingine. Kila jike ana eneo lake dogo, na dume anayetaka kuwafikia majike kadhaa inambidi alinde eneo kubwa dhidi ya madume wengine. Mmoja hawezi kuwa mtoni na barabarani kwa wakati mmoja. Wawili wanaweza. Gharama yake ni kwamba huenda mtoto atakayezaliwa si wako bali wa mwenzako, na gharama hiyo hupungua sana kama mwenzako ni ndugu yako, kwa kuwa damu ni ileile. Huko Kalahari madume walioshirikiana wakiwa ndugu walionekana kufaidika katika uzazi, na duma wa Serengeti, ambao majike wao nao huishi peke yao, huwa na miungano ya madume ambao mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja na hukaa pamoja maisha yao yote. Naamini Pengo na Kibutu walikuwa ndugu: ukubwa wao ulikuwa sawa, rangi yao ilikuwa sawa, na hawakuonyeshana ubabe hata mara moja, wala mlangoni wala kwenye mzoga wa nyoka ambao mmoja alimwachia mwenzake nusu.

Nguchiro mwembamba hayuko peke yake katika hali hii. Karambago, yule nguchiro mkubwa mwenye mkia mweupe anayetembea usiku, hutafuta wadudu peke yake, lakini Serengeti imeonekana kwamba mahali penye wanyama wengi majike kadhaa hutumia eneo moja kwa amani. Fosa wa Madagaska, mla nyama mkubwa kuliko wote kisiwani kule, alidhaniwa mpweke kabisa mpaka msitu wa Kirindy ulipoonyesha kwamba baadhi ya madume huungana wawili au watatu, huwinda pamoja, na huwa wakubwa kwa mwili kuliko wanaobaki peke yao. Hata fungo, ambaye kwa kweli huonekana peke yake, hurudi kunya mahali palepale usiku baada ya usiku, na rundo hilo husomwa na kila fungo apitaye. Anayesoma barua za majirani zake kila usiku ana jamii, hata kama haonani nao uso kwa uso.

Narudi kwa kuku. Nilimwomba jirani aandike, kwa kalenda ya ukutani, saa aliyogundua kila upotevu. Wengi walipotea kati ya kufungwa kwa banda jioni na alfajiri, na nguchiro hawa walikuwa ndani ya kichuguu kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, jivu likiwa shahidi kwamba hawakutoka hadi jua limepanda. Mwizi wa usiku ni mwingine. Kwa tundu lililokuwa juu, chini ya bati, mimi namshuku kanu, ambaye hupanda na kujipenyeza pembamba. Vifaranga wawili walichukuliwa mchana kweupe, na hao siwezi kuwatetea nguchiro, kwani nilimwona Kibutu akimbeba mmoja mdomoni kwa macho yangu. Nilimweleza jirani pia kwamba akiua mmoja au wote, eneo halitabaki tupu. Tuliziba tundu la bati, tukazungushia wavu mahali pa vifaranga wadogo kwa wiki zao za kwanza, na ile sumu akaichimbia nami nikiona.

Nilichomweleza kuhusu eneo kilithibitika kwa njia ambayo nisingeichagua. Tarehe 14 Septemba lori lililokuwa likienda Mpondwe lilimkanyaga Kibutu kwenye lami, mita chache kutoka kwenye jiwe lile. Jirani ndiye aliyetambua kwanza. Alikuja jioni akaniuliza, "Mwalimu, mwenzake yuko wapi? Huyu leo amekaa juu ya kichuguu mpaka giza." Nilikwenda barabarani, nikamkuta, nikamzika kando ya mihogo.

Usiku uliofuata Pengo alilala peke yake, na uliofuata huo pia. Aliendelea kulisugua jiwe, lakini alifika kwa kuchelewa na kuondoka haraka, na upande wa barabarani, ambao ulikuwa wa Kibutu zaidi, hakwenda tena. Siku ya tano baada ya kifo mgeni mwekundu alirudi. Alilisugua jiwe saa tatu asubuhi Pengo akiwa anatazama kutoka kwenye nyasi, mkia umesimama, asisogee. Siku ya nane walipigana mara moja, kwa muda mfupi, na aliyekimbia alikuwa Pengo. Jike aliendelea kulala kwenye gogo lake kama kawaida. Jioni ya tarehe 26 nilimwaga jivu kama nilivyozoea, na asubuhi nikakuta nyayo za mnyama mmoja zilizoingia kichuguuni, safi, zisizo na mkwaruzo wa ukucha uliopinda. Saa mbili na nusu alitoka kuota jua, mwekundu mwili mzima, ncha ya mkia nyeusi na kamili.